Vipele Vyangu, Jina la Bibi Harusi

Mara ya mwisho tuliachana nimechuchumaa bafuni, kioo cha mkononi kiko sakafuni katikati ya miguu yangu, nahesabu.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni Nimat, mpika sukari wa hapa Kassala. Mume wangu Awadallah yuko Jedda, miaka miwili na miezi mitatu sijamtia machoni. Wiki ile alipiga simu kwamba anarudi kuwahi harusi ya mpwa wake. Na wiki ile ile ndiyo nikaviona.

Saba.

Vipele saba vidogo, vigumu, vinang'aa kama shanga, vimejipanga kinenani. Kila kimoja kina kitundu katikati kama kitovu cha mtoto. Haviumi. Haviwashi. Vimekaa tu, kama wageni wasiosema wataondoka lini.

Mume angekuwepo, ningemrukia shingoni: umeniletea nini? Ningelia, ningeita wazee, ningehamia kwa mama siku tatu. Lakini hayupo. Vipele kule chini, mke peke yake, miaka miwili. Nani atakaa kuuliza swali la pili?

Akiviona, ndoa yangu imekwisha. Ndivyo nilivyojiambia pale sakafuni, na mpaka leo sidhani nilikuwa nimekosea sana.

Kazi yangu mnaijua. Wanawake wanakuja kwangu kunyonyolewa nywele za mwili. Nachemsha sukari na ndimu mpaka ivutike, naikanda iwe donge, nabandika, nachomoa. Anayelia namtilia kahawa. Siri za mtaa huu zote zimepita mikononi mwangu, na mwenyewe sikuwa hata na moja ya kuficha. Mpaka saa ile.

Kibaya zaidi, moshi nilikuwa nimeshauanza.

Kwetu mke akisikia mume yuko njiani, anakaa kwenye shimo la moshi, mwili mtupu chini ya blanketi zito la sufi, kuni za mgunga zinafukuta chini yake, jasho linamtoka mpaka ngozi inabadilika rangi na kunukia. Harufu yake haifichiki. Ukijifukiza leo, kesho muuza maziwa anakuuliza mume anafika lini.

Kwa hiyo mtaa mzima ulishajua. Alhamisi, Awadallah anafika. Ijumaa, harusi.

Asubuhi walijaa kama kawaida. Kaltuma muuza mafuta ya ufuta ndiye aliyeshika kahawa. Wifi yangu Alawiya, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa juu ya kitanda cha kamba, miguu kaikunja kama mwenye nyumba. Mwanawe Hatim ndiye bwana harusi.

"Jamani," nikasema, nakanda donge, macho nimeyainamisha. "Nina rafiki yangu wa upande wa sokoni, ana vipele. Kule. Ananiuliza dawa."

"Kule wapi?" Kaltuma akauliza, na anajua.

"Kule kwa mumewe."

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana.

"Mume mwenyewe yupo?"

"Kasafiri."

"Toka lini?"

"Muda kidogo."

"Muda kidogo wa siku au wa miaka?"

Nikajifanya sijasikia. Kaltuma akamimina kahawa taratibu, anafurahia kila tone. "Basi mwambie rafiki yako aache kutafuta dawa ya vipele. Atafute cha kumwambia mume. Maana huyo bwana akifika, hata mizigo hajatua, vipele ndivyo vitakavyompokea!"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Ningefanyaje?

Alawiya peke yake hakucheka. Alipuliza kahawa yake. "Mwanamke wa namna hiyo hatafutiwi dawa," akasema. "Anarudishwa kwao, na nguo zake kichwani."

Siku ile nilimbandika mteja sukari ya moto mpaka akaniita muuaji.

Nikaanza kujitibu. Nikachemsha maganda ya mgunga, nikayakalia maji yake asubuhi na jioni, kama mzazi. Nikaongeza moshi, badala ya nusu saa nikakaa saa nzima, najiambia joto litavikausha. Ngozi ikachubuka, nikawa natembea kama bata. Nikarudi kwenye kioo.

Kumi na moja.

Jumamosi nikajifunika tobe, lile vazi letu la kujitanda mwili mzima, mpaka puani, nikavuka daraja la mto Gash, nikaenda kwenye kliniki moja ndogo ya wanawake ambako hakuna anayenijua. Karani alikuwa binti anayetafuna chingamu.

"Jina?"

Mimi, Nimat, ninayeweza kuongea kuanzia alfajiri hadi magharibi bila kumeza mate, nilikwama.

"Tahani," nikasema.

Mbona Tahani? Kwa sababu Tahani ndiye bibi harusi, mchumba wa Hatim. Zaidi ya mwezi amewekwa ndani, kila jioni ni mimi ninayekwenda kumsugua na kumpaka manukato. Jina lake ndilo lililokuwa karibu na ulimi.

"Tahani nani?"

"Tahani Onur."

"Umri?"

"Ishirini na miwili."

Chingamu ikasimama. Akanitazama sehemu ndogo ya uso niliyoiacha wazi, ile mikunjo ya macho, akanitazama na mikono. "Ishirini na miwili," akaandika. "Pole dada. Dunia imekupitia vibaya."

Daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Ihsan, miwani inaning'inia kwenye kamba. Alinilaza, akaangalia, hakuguna. Mimi kimya chake nilikiona hukumu.

"Daktari, wallahi wallahi sijaguswa na mtu! Mume wangu yuko nje miaka miwili!"

"Mimi nimekuuliza?"

Akavua glavu.

"Hivi ni vipele vya kirusi cha ngozi. Watoto wa chekechea wanavyo mashavuni na mikononi, wanacheza navyo. Vinapita ngozi kwa ngozi. Vinapita kwa taulo, kwa nguo, kwa wembe. Mtu mzima anaweza kuvipata kitandani pia, hilo sikufichi. Lakini mimi nikivitazama, siwezi kujua vimetoka wapi."

"Dawa yake?"

"Mara nyingi muda tu. Vinaondoka vyenyewe. Miezi sita, pengine mwaka."

"Mwaka! Mume wangu anafika Alhamisi!"

"Basi Alhamisi umwambie." Alisema hivyo, kana kwamba ananiagiza nyanya. "Usivikwaruze. Moshi uache, umeshajichubua. Na kunyonyoa nywele uache, ndiko kunakovitawanya. Vilianza vingapi?"

"Nadhani kimoja. Siku nyingi. Nikadhani ni unywele umekwama."

"Ukapitisha sukari juu yake?"

"Nikapitisha."

"Ndivyo ulivyovipanda shamba zima. Na hilo donge," akavaa miwani, akanitazama vizuri, "hujamgusisha mtu mwingine, Tahani?"

"Hapana," nikasema.

Hapa ndipo pagumu, nawaomba mnisikilize kabla hamjanitupia gazeti.

Sheria ya kazi yangu ni moja: kila mwanamke na donge lake. Ukimaliza naye, unalitupa. Mama yangu alinifundisha hivyo hata kabla hajanifundisha kupika asida. Lakini wiki saba nyuma, siku Tahani alipokuja kwangu mara ya kwanza, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kujinyonyoa mwenyewe. Sukari yake ilikuwa jikoni. Na Kaltuma akaingia na habari ya mwalimu aliyeoa mke wa pili kimyakimya, mtaa wa nyuma tu hapo! Nikamsikiliza amesimama mlangoni, nikamwambia aanze upya, na sufuria ikaungua ikawa lami.

Mtoto wa watu amelala kwenye mkeka, aibu imemjaa, anasubiri. Pembeni yangu donge langu, bado laini, lina joto.

Nikalikanda tena. Nikalitumia.

Sasa daktari ananiita Tahani na kuniuliza habari ya Tahani.

"Niandikie, daktari," nikamwambia. "Andika kwamba si uzinzi."

"Mimi naandika ugonjwa. Tabia zenu mtaandikiana wenyewe." Lakini alikuwa na huruma. Aliandika kwamba ni vipele vya kirusi, viko sehemu za siri, na si lazima viwe vimetokana na kulala na mtu. Akagonga muhuri.

Nilitoka nimeikumbatia ile karatasi kama mtoto mchanga. Awadallah ni mtu wa karatasi. Chenye muhuri anakiamini kuliko macho yake. Nilipofika darajani nikaifungua niisome tena kwa raha.

Tahani Onur. Miaka 22.

Karatasi pekee duniani ya kunitetea, na haikuwa na jina langu.

Ningeitupa mtoni. Lakini Gash ilikuwa kavu, mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira. Ingeokotwa kabla haijatua. Nikaona bora nirudi siku nyingine, nimpigie daktari magoti, abadilishe jina. Nikaificha kwenye sanduku langu la manukato.

Nikaacha moshi, kama nilivyoambiwa. Hapo ndipo nilipojichongea.

Jumapili hakuna moshi. Jumatatu hakuna moshi. Muuza maziwa akaniuliza mlangoni, "Safari ya bwana imeahirishwa?" Jirani wa kulia akatuma salamu za pole, hajui hata pole ya nini.

Jumatatu jioni Alawiya akaja, akasimama juu ya shimo. Kuku wawili walikuwa wanachakura jivu.

"Nimat, hili shimo umewapangisha kuku?"

"Kichwa, wifi. Moshi unanipanda kichwani."

"Toka lini? Wiki iliyopita ulikaa humu saa nzima, tukasema utatoka umeiva."

"Ndiyo huo umenizidi."

"Ndugu yangu hajaonja nyumba yake miaka miwili. Unampokea na harufu ya kitunguu?" Akazunguka, akanusa, kweli alinusa. "Una kitu, wewe."

"Nina kichwa tu."

"Hicho kila mtu anacho."

Jumanne nyumba ilifurika. Tulikuwa tunatwanga manukato ya bibi harusi, kinu kimoja ndani, kimoja uani, nyimbo, vigelegele, watu wamekaa mpaka juu ya ndoo. Hajjati Batul, mama yake Tahani, alikuwa amemleta binti yake mwenyewe, amefunikwa gubigubi kwa shuka, kamweka pembeni kwenye mkeka. Kaltuma anagawa karanga na matusi.

"Wifi, mafuta ya sandali yako wapi?" Alawiya akauliza.

"Ngoja nikuletee."

"Kaa, kaa. Una kichwa wewe."

Akaingia chumbani kwangu. Nilikuwa nimeshika mchi. Nilijua kabla hajatoka.

Alitoka bila mafuta.

"Hajjati Batul," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu. Alawiya akikupigia kelele usiogope. Ogopa akiwa mtamu. "Binti yetu anaumwa?"

"Tahani? Mzima, alhamdulillahi."

"Basi huyu hapa ni nani?" Akaanza kusoma, polepole, kidole chini ya kila neno, kama darasa la kwanza. "Tahani Onur. Miaka ishirini na miwili. Vipele. Sehemu. Za siri."

Kinu cha ndani kikanyamaza. Cha uani kiliendelea mara mbili, tatu, nacho kikanyamaza.

"Uongo!" Hajjati Batul akasimama, karanga zikamwagika. "Kabla ya leo, mwanangu hajatoka nje siku thelathini na sita!"

"Karatasi ina muhuri. Na imetoka kwenye sanduku la Nimat. Nimat ndiye anayeingia kwenu kila jioni. Nimat ndiye aliyempeleka. Haya, Nimat, tueleze. Mwanangu Hatim anaoa nini?"

Niseme kweli: nilikuwa nimeshaanza kusuka uongo. Ni Tahani mwingine. Kassala ina akina Tahani wangapi? Mteja ameisahau. Ulimi wangu ulikuwa umeshanyanyuka.

Sauti ikatoka chini ya lile shuka.

"Mama."

Tahani alikuwa amejifunua uso. Machozi yalimfika shingoni.

"Ni kweli ninavyo."

Akajifuta machozi kwa pindo la shuka.

"Lakini sijaenda kwa daktari yeyote, mama. Sijamwambia mtu. Vimetoka kama wiki mbili, nikasema vitaondoka kabla ya Ijumaa. Nani amewaambia?"

Hajjati Batul akamshika mabega, akamtikisa mpaka hereni zikalia. "Nani amekugusa? Sema! Nani?"

"Hakuna, mama. Wallahi wallahi sijaguswa na mtu."

Maneno yangu. Yale yale niliyomlilia daktari, neno kwa neno. Ila mimi nilijibiwa, 'Mimi nimekuuliza?' Yeye alipigwa kofi.

"Nampigia Hatim," Alawiya akasema, simu iko mkononi tayari. "Harusi hakuna. Kila mtu abebe kinu chake."

"Weka hiyo simu, wifi."

Sikujua kama ni mimi niliyesema. Wote waligeuka.

"Karatasi ni yangu. Kliniki nilikwenda mimi, jina nikaliiba kwa huyu mtoto kwa sababu niliogopa kusema langu. Vipele ninavyo mimi. Na yeye nimempa mimi, kwa mkono huu, kwa donge nililojitumia kwanza. Hajaguswa na mtu. Ameguswa na mimi."

"Unamkinga," Alawiya akasema.

"Njoo chumbani, wewe na Hajjati, niwaonyeshe. Ninavyo kumi na moja."

Kaltuma akajishika mdomo. "Nimat! Ndiyo siku ile ya mwalimu?"

"Ndiyo siku ile."

"Ewe Mola, na mimi nilianza upya mara mbili!"

Hapo nyumba ikaingia vurugu nyingine. Kila mwanamke alianza kukumbuka alikuja lini. "Na langu?" "Lako lilikuwa jipya." "Una uhakika?" "Nina uhakika." "Apa." Mmoja alijificha nyuma ya pazia kujikagua pale pale. Jirani wa kulia alisema mkono unamwasha, na hata mteja wangu hajawahi kuwa.

Nilimfuata Tahani pale mkekani, nikapiga magoti. "Mwanangu, havina ubaya. Vinaondoka vyenyewe. Daktari kaniambia. Nitakwenda nawe, kwa jina lako na kwa jina langu."

Alinitazama tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alawiya hakuwa ameondoka pale aliposimama. Alikuwa ameikunja ile karatasi, mara mbili, mara nne. Akaja, watu wakampisha.

"Sawa," akasema. "Nimesikia. Binti hana kosa, Hajjati nisamehe, Ijumaa iko pale pale. Nimesema mbele ya watu."

Hajjati Batul akaangua kilio cha nafuu. Mtu akajaribu kigelegele, kikamfia mdomoni.

"Tahani amepata kwako," Alawiya akaendelea. "Tumeelewa. Ndugu yangu yuko Jedda miaka miwili na miezi mitatu. Sasa na wewe, Nimat, tuambie. Umepata kwa nani?"

Macho yote ya nyumba yangu. Wote nimewapikia, nimewanyonyoa, nimewasikiliza.

Kwa nani? Taulo la nani, mtoto wa nani niliyempakata, paja la mteja gani lililonigusa kiwiko? Miaka kumi na mitatu nashika ngozi za watu. Inaweza kuwa yeyote aliyekuwa pale ndani, na jina hata moja sikuwa nalo. Na baada ya kuiba jina moja, nani angeniamini nikitaja la pili?

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Wallahi sijui, wifi."

"Basi usinijibu mimi." Akabonyeza simu, akaweka sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Ikaita mara mbili.

"Alo? Alawiya?" Sauti ya mume wangu. Nyuma yake kelele za dukani. "Afadhali umepiga. Niko hapa namchagulia Nimat tobe, nimeshindwa, lipo la bluu na lipo la zafarani. Mpe simu achague mwenyewe. Alo? Mbona kimya hivyo kwenu? Nimat yupo?"

Alawiya akaninyooshea simu.

Nikaipokea.

"Nipo," nikasema. "Awadallah, weka hayo matobe chini. Toka nje ya duka kwanza, utafute mahali ukae."